Sharti la Ndama

Jumatatu, 5 Julai 1999

Habari kubwa! Mwalimu Muriuki ametangaza kwenye klabu ya kompyuta kwamba likizo ya Agosti mwanafunzi mmoja atakwenda Nairobi kukaa wiki mbili mahali penye kompyuta zilizounganishwa na dunia nzima. Mmoja tu. Atachaguliwa yule ambaye kazi yake inatumiwa na wenzake wengi kuliko ya mwingine yeyote.

Lazima niwe mimi. Tangu Kidato cha Kwanza tunaandika kurasa za mtandao katika chumba kisicho na mtandao. Kurasa zetu huzaliwa humu, huishi humu na hufa humu umeme ukikatika. Ni kama kufundisha watu kuogelea katikati ya nyika kavu ya Hadado.

Na nisipochaguliwa, huko huko Hadado ndiko nitakakokwenda. Mjomba wangu, Abti Gelle, yuko kwetu Galbet, hapa Garissa, akitibiwa jicho. Akirudi nyumbani anataka anichukue nimsaidie kuchunga ngamia likizo nzima. Hooyo, mama yangu, ameshakubali. Sina chuki na ngamia. Wao ndio hawanipendi.

Tatizo ni klabu yenyewe. Tuna kambi mbili zisizoelewana. Kambi ya dirishani huandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Perl. Mkuu wao ni Salat, ambaye sauti yake hufika jikoni. Kambi ya mlangoni huandika kwa lugha iitwayo PHP. Mkuu wao ni Weris, ambaye hahitaji sauti. Kitu kilichoandikwa kwa lugha moja hakifanyi kazi kwenye nyingine. Kwa hiyo kila kambi huandika kila kitu upya na kusema cha wenzao ni takataka. Mimi hukaa katikati, chini ya feni mbovu. Ninaandika Perl, ila watu wa dirishani hawajagundua.

Lakini ninayo kalenda! Chini ya tarehe za kawaida inaonyesha miezi yetu ya kuandama kwa majina ya Kisomali ya nyumbani: Soon, Soonfur, Carrafo na mingine yote. Kalenda tupu niliipata kwenye sidii iliyokuja na gazeti la kompyuta la Mwalimu. Iliandikwa na Mdenmark aitwaye Henning, aliyeitoa bure kwa yeyote anayetaka. Miezi nimeitia mimi. Mwalimu hukiita kitu cha namna hii kifurushi, yaani kazi iliyokwisha kuandikwa, ambayo mwingine anaichomeka tu kwenye kazi yake bila kuanza upya.

Mpango: nizipe kambi zote mbili kalenda. Yeyote atakayeshinda, atakuwa anaitumia yangu. Mpango hauna kasoro, isipokuwa unahitaji kuzungumza na watu. Hapo nitaparekebisha.

Jumanne, 6 Julai

Nimepata njia ya kutozungumza. Nimefika kabla ya wote. Disketi moja nimeiweka juu ya kibodi ya Salat, nyingine juu ya kibodi ya Weris. Sikuandika jina. Watastaajabu, watauliza ni nani, nami nitainua mkono taratibu.

Salat alifurahi kupata disketi ya bure. Akahifadhi gemu juu ya kalenda yangu, ikafutika.

Weris alimpelekea Mwalimu ile disketi yake. Mwalimu aliishika kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyemwokota nge kwa mkia, kisha akatuhutubia juu ya virusi. Alisema duniani kuna watu wenye akili lakini wasio na utu, na watu hao huacha disketi zisizo na jina. Akaivunja mbele yetu. Akauliza nani ameelewa. Niliinua mkono taratibu. Akanisifu kwa usikivu.

Alhamisi, 8 Julai

Wokovu umetoka kwa Abti Gelle. Jioni alikuwa amelala mkekani, kitambaa juu ya jicho, akimlalamikia Hooyo kuhusu jamaa yetu mmoja wa Lafey. Ukame ulipomwangamizia mifugo, Abti alimpa ngamia mwenye maziwa. Ngamia huyo hakutolewa zawadi wala hakuuzwa. Ni irmaansi, desturi ya tangu zamani: aliyepungukiwa huazimwa ngamia anayekamuliwa. Maziwa anywe na watoto wake, wala hatamlipa mtu. Lakini ngamia ni wa mwenyewe, na ndama atakayezaliwa ni wa mwenyewe. Sasa ngamia amezaa kule Lafey, na jamaa anamwita ndama jina alilompa yeye. Abti alisema kumpa jina ndama wa mtu ndio mwanzo wa wizi.

Nilikaa wima. Kosa langu nimeliona! Nilitoa kalenda kama mtu anayetupa maganda ya ndizi. Bila jina, bila sharti. Nani atamheshimu ngamia aliyeachwa juu ya kibodi?

Nimeandika sharti, nalinakili hapa:

"Kalenda hii ni ya Hanad Diriye, Kidato cha Tatu. Umeazimwa. Kunywa maziwa. Chochote utakachokizaa kwa kuitumia ni ndama, na ndama ni wa Hanad Diriye."

Nimelisoma tena. Linatetemesha.

Jumamosi, 10 Julai

Nimezungumza na watu wawili siku moja.

Salat kwanza. Alilisoma sharti kwa sauti ya mtangazaji wa redio, chumba kizima kikasikia, akaniita mzee wa ngamia. Lakini ameichukua! Wa dirishani wanatengeneza ukurasa wa bei za mifugo za soko la Jumatano, na hawajui kutengeneza tarehe.

Kisha Weris. Mtu akinitazama usoni maneno hunikauka, kwa hiyo huwa naangalia ramani ya Afrika ukutani. Weris alisoma polepole, akarudia.

"Hanad, hii ni Perl. Sisi wa mlangoni hatunywi Perl."

Niliiambia ramani kwamba maziwa ni yale yale, kilicho tofauti ni chombo.

"Na mimi nikibadilisha chombo?"

"Basi ni ndama."

"Wa nani?"

"Wangu," niliiambia Sudan.

Alicheka. Sidhani alicheka kwa ubaya. Alilikunja sharti akalitia kwenye mkebe wake wa hesabu, akasema amekubali.

Kambi zote mbili! Nimemwambia Hooyo anitafutie sweta, maana Nairobi mwezi wa nane ni baridi. Hooyo ameniuliza nani amesema naenda Nairobi. Nimemwambia bado ni siri. Akasema hata Hadado usiku kuna baridi, sweta haitapotea bure.

Jumatatu, 12 Julai

Gwaride la asubuhi. Salat alipewa nafasi aeleze shule nzima ukurasa wa bei za mifugo. Akataja mbuzi, akataja ng'ombe, kisha akasema, "Na kalenda yenye miezi yetu, ambayo sisi wa dirishani tumeibuni wenyewe."

Nilitoka kwenye mstari! Nilitembea mpaka nyuma yake. Nilikohoa ili ageuke nimsahihishe mbele ya watu wote. Aligeuka. Akanipa peremende ya kifua.

Nimeila. Ilikuwa nzuri.

Jumatano, 14 Julai

Msiba. Ndama amezaliwa, na amempita mama yake.

Weris ameichambua kalenda yangu vipande vipande. Hesabu za siku na majina ya miezi ameviweka mahali pamoja, kwa maandishi ya kawaida ambayo lugha yoyote ya kompyuta inaweza kuyasoma. Kisha ameandika vijidomo viwili vidogo, kimoja cha kusema PHP na kimoja cha kusema Perl. Kichwa kimoja, midomo miwili! Kesho ikija lugha ya tatu, unaongeza mdomo tu, kichwa hukigusi. Mimi ningeandika kalenda nzima upya kwa kila lugha, na kila mara ningekosea mahali papya.

Na kweli nilikuwa nimekosea. Mwezi wa Soonfur niliupa siku moja zaidi kila mwaka. Ameurekebisha kimyakimya, hakumwambia mtu.

Asubuhi wote wa mlangoni walikuwa wanaitumia. Kufikia mapumziko wawili wa dirishani walikuwa wanaitumia. Baada ya chakula Salat naye, akieleza kwa sauti kwamba siku zote yeye alikuwa mtu wa umoja. Mwalimu ameitia kwenye ratiba ya fizikia.

Wanaotumia ile yangu: mimi. Hata mimi jioni niliijaribu ya Weris, kwa uchunguzi tu. Ni ya haraka. Nimeiacha kwenye kompyuta yangu kwa uchunguzi zaidi.

Kisha nikakumbuka. Sharti! Weris alikubali sharti. Ndama ni wangu. Kila anayetumia ya Weris anatumia yangu, kwa hiyo ninayetumiwa na wengi ni mimi, kwa hiyo Nairobi ni mimi. Kilichobaki ni kulisema hilo mbele ya watu.

Nimemwomba Abti Gelle anisemee.

Jumamosi, 17 Julai

Sijui nianzie wapi.

Abti alikuja klabuni amevaa macawis mpya, kikoi chetu cha Kisomali, na koti, fimbo mkononi. Alivua viatu mlangoni kwa sababu aliona kipande cha zulia. Mwalimu Muriuki, aliyedhani amekuja kulalamikia alama zangu, alimpisha kiti chake. Abti alisema kwa Kisomali kwamba amekuja kuhusu ngamia. Salat alijitolea kutafsiri. Kwa hiyo kesi yangu ilisikika mpaka jikoni.

Abti aliomba aonyeshwe ngamia. Tulimwonyesha kioo cha kompyuta yangu. Alifunika jicho bovu kwa kiganja, akaisoma miezi yote kwa utaratibu, akasema haikupungua hata mmoja. Akaomba aonyeshwe ndama. Alimtazama muda mrefu zaidi. Akasema huyu ana miguu mizuri.

Akamuuliza Weris kama sharti alilijua kabla ya kukamua. Alilijua. Alilikubali?

"Nililikubali, adeer."

"Basi hakuna maneno mengi," Abti alisema. "Ndama ni wa mwenye ngamia."

Ushindi! Mwalimu aliandika kitu. Niliiona Nairobi.

Abti hakuwa amemaliza. Alisema mtu akitambua ndama lazima amtambue na mama, ndiyo desturi. Akanigeukia. "Na huyu ngamia, mpwa wangu, wewe ulimpata wapi?"

Sijui kusema uongo haraka. Nikiwa na siku mbili ninaweza. Nikaiambia ramani kwamba ngamia alitoka kwenye sidii. Wa nani? Wa Mdenmark aitwaye Henning. Ulimnunua? La, anatoa bure, kila mtu anaruhusiwa. Kwa sharti gani? Nikasema sharti lake ni dogo: ukiongeza kitu, umrudishie naye akione, ili wengine wapate.

"Na wewe uliongeza miezi."

"Niliongeza."

"Ukamrudishia?"

Feni ilichagua wakati huo kuzunguka kidogo.

"Basi ngamia ni wa Henning," Abti alisema. "Ndama ni wa Henning. Na wewe ni jamaa wa Lafey."

Salat aliitafsiri hiyo mara mbili, mara ya pili kwa wale waliokuwa nje.

Walicheka wote. Mwalimu alijifanya anatafuta chaki. Weris peke yake hakucheka. Alisubiri wakatulia, akasema, "Lakini miezi ni ya Hanad. Hakukuwa na mtu mwingine shuleni ambaye angekaa chini aihesabu. Bila miezi mimi nisingeigusa."

Mwalimu aliamua kwamba Henning aandikiwe na apelekewe kazi yote, mama na ndama. Uchaguzi wa Nairobi utangoja jibu lake. Barua itapitia ofisi ya shirika moja la misaada hapa mjini, ambako Hesbon, fundi wao, hupokea na kutuma barua pepe kwa simu. Na kwa sababu Kiingereza changu cha kuandika ni kizuri, nitaiandika mimi.

Mimi!

Jumapili, 18 Julai

Barua imetumwa. Niliiandika kurasa mbili. Nilimweleza Henning juu ya Garissa, ukame, kiu yangu ya elimu, na miezi. Nilimwomba, akiwa mwenye ngamia, atamke rasmi kwamba mchungaji wake Afrika ni Hanad Diriye. Ndama nilimtaja mwishoni, kwamba alisaidiwa kuzaliwa na mwanafunzi mmoja wa mlangoni.

Hesbon aliisoma yote. Akanitazama juu ya miwani.

"Omera, ndugu yangu, huyu wa mlangoni hana jina?"

Nilimwambia ni kwa kubana nafasi.

"Ukurasa mzima juu ya ukame, halafu jina la mtu ndilo linalobana nafasi?" Akasema simu ya Nairobi ina gharama, kijana, na kuna watu wanangoja taarifa za unga. Akaifupisha mwenyewe. Kurasa zangu mbili zimekuwa mistari michache: kwamba Hanad aliongeza miezi, na kwamba Weris aliipanga upya kazi nzima ili lugha zote ziweze kuitumia. Hakuna ukame. Hakuna kiu.

Bado nina tumaini. Henning ataona jina langu kwanza.

Jumatano, 21 Julai

Jibu limekuja. Mwalimu amelisoma mbele ya klabu, huku akitutafsiria.

Henning amefurahi kuliko nilivyotegemea mtu mzima kufurahi. Anasema amekuwa akigawa kalenda ile miaka na miaka, na watu wamemrudishia malalamiko tu. Hii ndiyo mara ya kwanza mtu anamrudishia kitu. Mpango wa Weris wa kichwa kimoja ndio atakaoufuata yeye mwenyewe kuanzia sasa. Ameshaiweka kazi yetu mahali ambapo mtu yeyote duniani anaweza kuichukua, na majina yetu mawili yako juu yake. Kuhusu mwenyewe ni nani, anasema alichokitoa alikitoa, na tusigombane kwa ajili yake.

Kisha ameuliza aliyetia miezi: je, mwezi wenu huanza kwa hesabu au kwa kuandama? Maana jirani yake ni Mturuki, na kila mwaka tarehe ya Ramadhani ikikosewa humlaumu yeye, mwenye kalenda.

Chumba kizima kilinigeukia. Nikajibu! Nilisema kwa hesabu tunakisia, kwa macho tunaamini, na kalenda inapaswa kumwachia mtu nafasi ya kusogeza siku moja. Nilisema hayo yote bila ramani. Mwalimu alisema hilo ni jambo la kuongezwa kwenye kifurushi. Weris alikuwa ameshaanza kuliandika.

Halafu Mwalimu akasema Nairobi ni Weris.

Walipiga makofi, Salat kuliko wote. Mimi pia nilipiga. Sikujua jambo jingine la kufanya na mikono.

Baadaye alikuja chini ya feni. Alisema atanieleza yote, mpaka ukurasa unavyofunguka ukitoka mbali, kama unakuja mzima au kipande kipande. Hicho ndicho nilichotaka kujua tangu Kidato cha Kwanza, wala sikuwahi kumwambia mtu. Kisha akaniomba kitu. Watu wa nje wakituma maswali juu ya kalenda, niwajibu mimi.

"Wageni wananichosha," alisema. "Wewe kwenye karatasi huna haya hata kidogo."

Nilikubali. Vumbi la feni liliniingia machoni. Feni haikuwa inazunguka, lakini vumbi lilikuwepo.

Ijumaa, 30 Julai

Shule imefungwa. Kesho Hadado, juu ya lori, mimi na Abti na jicho lake lililopona. Weris alisafiri asubuhi na shangazi yake. Hooyo amempa ile sweta yangu, akisema Nairobi ndiko kwenye baridi.

Hesbon amenipa swali la kwanza kutoka nje. Ni mtu wa Moroko, anaulizia mwezi wa Safar. Nimemjibu kurasa mbili. Hesbon amepeleka mstari mmoja.

Mwalimu ametangaza nafasi nyingine Desemba, kwa kanuni ile ile. Kwa hiyo nimetumia siku hizi kutafakari kwa unyofu nilikosea wapi. Sasa nimejua. Kazi yangu ilikuwa inaeleweka! Weris aliifungua, akaielewa, akaizidi. Kitu kikieleweka kitazidiwa tu.

Kwenye ile sidii kuna lugha nyingine ya kompyuta, mpya, ambayo haijulikani na mtu hapa shuleni. Nadhani hata Garissa nzima. Imetoka Japani, na maelezo yake yote ni ya Kijapani. Nitaandika kifurushi kipya kwa lugha hiyo. Salat hataweza kukidai. Weris hataweza kukichambua. Hakuna atakayeweza hata kukifungua.

Lugha yenyewe sijaijua bado, na Hadado hakuna kompyuta. Nimechukua penseli.

Limebaki jambo dogo, kwamba ili nichaguliwe lazima kitumiwe na watu wengi. Hilo nitalifikiria nikiwa na ngamia.